Seva Ilisema Saa Kumi

Mashine niliyoitengeneza mwenyewe ilimshitaki dada yangu kuwa alimtelekeza mgonjwa mpaka akafa. Na shahidi wa ile mashine nilikuwa mimi, mdogo wake wa tumbo moja.

Nakuandikia wewe unayeanza kutengeneza tovuti. Hasa wewe uliyesoma miezi sita ukajiona umefika. Mimi nilikuwa wewe.

Dada ni nesi. Mama alipotutoka, yeye ndiye aliyenilea, na laptop yangu ya kwanza alininunulia yeye, mtumba, kioo kimepasuka pembeni. Hospitali aliyokuwa akifanyia kazi ni ndogo tu, wodi mbili na ofisi ya matroni katikati.

Siku moja matroni akalalamika kuwa daftari la zamu limechakaa na manesi wanajiandikia saa wanazozitaka.

Dada akamwambia, "Nina mdogo wangu anatengeneza tovuti."

Basi nikaitwa. Kichwa kikavimba hapo hapo.

Nikaunda ukurasa mwepesi. Nesi akishampima mgonjwa anachukua simu, anaweka namba ya kitanda, anabonyeza kitufe, na saa inajiweka yenyewe. Hakuna tena kuandika saa kwa mkono. Niliujaribu kwenye laptop yangu wiki nzima, saa zote sahihi.

Kisha nikakodi seva, nikapandisha kazi yangu.

Sasa ungeniuliza wakati ule seva ni nini, ningekwambia ni mahali pa kuwekea mafaili. Sikujua kuwa ni kompyuta nzima iliyoko chumba cha mbali, na ina mfumo endeshi wake, kama laptop yako ilivyo na wa kwake. Yangu ilikuwa na Linux. Haina kioo cha kutazama wala mausi. Unaingia kwa kuandika amri kwenye ukurasa mweusi, nayo inakujibu kwa maandishi.

Ule ukurasa mweusi ulinitia uvivu. Nikanakili amri tano kutoka kwenye video, nikazibandika, tovuti ikafunguka, nikatoka mbio. Kumbe nilikuwa nimeajiri mtu bila kumuuliza hata anatoka wapi.

Wiki ya pili matroni akaniita ofisini. "Mwanangu, hizi saa mbona sizielewi? Sindano tumechoma saa nne asubuhi, hapa imeandikwa saba."

Nikacheka. "Hiyo ni saa ya kizungu, mama. Sisi tunahesabu tangu kukicha, mashine inahesabu tangu usiku wa manane. Unatoa sita au unaongeza sita, unapata ya kwetu."

"Haya, wajuaji ni ninyi."

Hakupiga hesabu. Na mimi sikupiga. Saba ukitoa sita inabaki moja, wala siyo nne, hata mtoto wa chekechea anakwambia. Lakini sisi tumekua na saa mbili kichwani, ya mdomoni na ya kwenye simu. Tukiona saa ngeni hatushtuki, tunasema tu hiyo ya kizungu, maisha yanaendelea.

Daftari likafungiwa kabatini.

Miezi minne baadaye mzee wa kitanda cha saba akafariki. Nesi wa mchana alimkuta amekata roho saa moja na dakika arobaini asubuhi. Moyo wake ulikuwa mbovu siku nyingi. Dada ndiye aliyekuwa zamu ya usiku, ndiyo kwanza amekabidhi na kutoka.

Watoto wa marehemu wakataka kujua nani alimwona baba yao mara ya mwisho, na lini. Kamati ya hospitali ikakaa. Kila mtu pale alijua kilichokuwa mezani: kazi ya dada, leseni yake, na jina lake.

"Nilimpima saa moja na dakika kumi asubuhi," dada akasema. "Aliniomba maji, nikampa."

Mwenyekiti akanigeukia. "Fundi, mfumo unasemaje?"

Alikuwa ameniagiza nichape ile rekodi ya mwisho ya kitanda cha saba. Nilichapa huo mstari mmoja tu. Ulisomeka 04:10.

"Hii ni saa ya kizungu au ya kwetu?" mwenyekiti akauliza.

Angalia mlango niliofunguliwa, nami nikaubamiza kwa mkono wangu.

"Ya kizungu," nikasema. "Kwetu ni saa kumi na dakika kumi alfajiri."

Utaratibu wa wodi ni mgonjwa kuonwa kila saa. Kwa mujibu wa mashine yangu, mzee yule alikaa masaa matatu na nusu bila mtu.

"Na huu mfumo hauwezi kukosea?"

"Mwenyekiti, mashine haina sababu ya kumsingizia mtu."

Nilisema hivyo nikijua fika aliyekaa mbele yangu ni nani. Nilitaka waone sina upendeleo. Na niseme ukweli wote, nilitaka pia waone mfumo wangu ni mzuri. Aibu hiyo sijui nitaipeleka wapi.

Dada hakulia. Aliniangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Una uhakika, mdogo wangu?"

"Nina uhakika, dada."

Siku ile ile akamwaga unga. Baada ya wiki tatu na leseni ikafutwa. Akapata kibarua kwa dobi, kupiga pasi na kukunja mashuka. Mtaani wakamwita Nesi Usingizi, na jina likamfuata binti yake mpaka shuleni.

Mimi je? Mimi mfumo ule ulinipa kazi. Niliuonyesha kwenye usaili, wakaupenda.

Ofisi hiyo mpya seva zote zilikuwa chini ya jamaa mmoja tuliyemwita Kipara, mtu wa maneno machache na yote makali. Siku ya kwanza akanifungulia seva mpya.

"Unaanza na nini?"

"Napandisha tovuti."

"Hata salamu hujatoa?" Akavuta kiti. "Sikiliza, bwana mdogo. Seva mpya unaihoji kwanza. Wewe ni mfumo gani, toleo la ngapi? Nani ana ruhusa ya kuingia humu, na kwa nini? Mara ya mwisho umesasishwa lini? Halafu unaiuliza saa."

"Saa si ni saa tu?"

"Andika date."

Nikaandika. Nje jua lilikuwa la utosi, simu yangu inasema saa sita na dakika ishirini mchana. Seva ikajibu 09:20, na mbele yake herufi tatu, UTC.

"Hiyo ni saa ya dunia," Kipara akasema. "Seva nyingi zinakuja hivyo. Sisi tuko mbele yake masaa matatu. Laptop yako inajua ilipo kwa sababu uliiambia ulipoiwasha mara ya kwanza. Hii usipoiambia, itajuaje?"

Masaa matatu. Nikasukuma kiti, nikasimama.

Kipara akadhani nina njaa. Nikaomba ruhusa, nikaingia kwenye ile seva ya hospitali, nikafungua rekodi za zamu ile, safari hii zote.

Mstari wa kwanza kabisa ulisema dada alipima kitanda cha saba saa 17:10. Kwetu hiyo ni saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Zamu yake ilianza saa moja na nusu jioni. Ile saa kumi na moja alikuwa bado nyumbani, ananisuta kwa kuvaa shati lisilopigwa pasi.

Mashine ilikuwa inasema dada alikuwa wodini kabla hajatoka nyumbani. Mstari huo ulikuwepo siku zote. Sikuusoma, kwa sababu niliulizwa wa mwisho.

Nikaongeza masaa matatu kwenye 04:10. Nikapata saa moja na dakika kumi asubuhi, kama alivyosema mwenyewe.

Nilikwenda hospitali nikihema. Matroni akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta faili kutoka kabatini.

"Mwanangu, ungekuja mapema tungeshikana mikono tukaenda kwenye baraza la wauguzi lililomfutia leseni. Lakini soma hii."

Ilikuwa barua, mwandiko wa dada, ya miezi mitano baada ya kufukuzwa. Anakiri kuwa alipitiwa na usingizi kazini. Anaomba radhi. Matroni akaniambia kuwa dada alikwenda hadi kwa mjane wa yule mzee, akampigia magoti sebuleni mbele ya watoto.

"Sasa nikapeleke nini?" matroni akauliza. "Mashine yako imebadili kauli, na mwenyewe amekiri kwa mkono wake."

Nilimkuta dada kwa dobi, anakunja mashuka. Nikamweleza kila kitu. Nilitegemea kofi, na nililitaka. Yeye akaendelea kukunja.

"Kwa nini uliandika ile barua, dada? Wewe hukulala."

"Nilibisha miezi mitano," akasema. "Kila siku namwona yule mzee ananiomba maji. Halafu nakukumbuka wewe. Hujawahi kunidanganya tangu uzaliwe, nami nilikuuliza, ukasema una uhakika." Akaweka shuka juu ya mengine. "Nikasema basi, ile ya maji itakuwa niliiota. Sasa ukiniuliza, nakumbuka nimelala kwenye kiti. Naiona kabisa shingo ilivyoniuma."

"Dada, hukulala. Ulimpa maji."

"Sijui tena," akasema, akachukua shuka jingine.

Baraza nimeliandikia, miezi saba sasa, hawajajibu. Seva nimeirekebisha kwa amri moja fupi, haikuchukua hata dakika.

Ndugu unayeanza, yanayofanya kazi kwenye laptop yako yanafanya kazi kwenye laptop yako. Seva ina mfumo wake, na hauna habari na wewe wala na mtaa wenu. Ingia kwenye ukurasa mweusi kabla hujapandisha chochote, uiulize maswali, na majibu uyapigie hesabu mwenyewe. Na ikitokea siku umesimamishwa mbele ya watu ukaulizwa kama una uhakika, jibu hivi: ngoja niangalie kwanza.

Maneno hayo matatu yangemtosha dada yangu.