Riwaya Iliyongoja Theluji

Verna Kingbird alizeeka akiwafundisha watoto wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, pale kando ya ziwa, nao wote wakimwita Shangazi, na kila mwaka aliwasomea riwaya ileile, ya msichana wa zamani aliyevuna mpunga wa ziwani pamoja na nyanya yake. Hofu yake ilikuwa moja tu: huenda watoto wakaisikiliza kama habari za watu wengine.

Mwaka mmoja, majani yakiwa bado yanapukutika, alifika pale nyanya anapoanza ngano ya Nanabozho, mjanja wa kale. Binti mmoja, Marlys, akaruka kitini.

“Shangazi, funga! Theluji haijaanguka!”

“Ni kitabu tu, mwanangu.”

“Hata kitabuni ni Nanabozho yuleyule! Ngano zake ni za theluji. Ukizisimulia sasa, vyura watakuingilia kitandani.”

“Tena wale wanono!” mwenzake akadakia, na darasa zima likaangua kicheko.

Verna alikuwa amenogewa na kusoma hadi akajisahau. Akakifunga kitabu. “Haya, mmenikamata,” akasema, na siku hiyo alirudi nyumbani kifua mbele.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, alikuta watoto wamekwisha kaa duara, kitabu kiko wazi juu ya kiti chake.