Ng'ombe Wangapi?

Niliambiwa mengi juu ya kujikinga na wakabaji, karibu yote na watu ambao hawajawahi kukabwa. Usipite uchochoroni. Usijifunge kanga shingoni, mkabaji atakuvuta kwa hiyo hiyo. Ukisikia nyayo nyuma yako, vuka barabara. Zikivuka na wewe, ingia duka lolote lenye watu hata kama huna cha kununua. Hilo la mwisho lilikuwa la maana na ninalifuata mpaka leo. Lakini hakuna aliyenieleza cha kufanya watu wakija kukusaidia halafu wasikusaidie.

Ilikuwa miaka ile pamba ilipoachiwa wanunuzi binafsi. Bariadi ikajaa. Kila msimu malori, makuli, mawakala, vijana ambao hakuna aliyejua wametokea wapi. Vitambaa vikawa tele madukani, na mimi nikawa najifunza ushonaji kwa mama mmoja aliyeweka cherehani mbili barazani mwa duka, karibu na soko. Moja yake, moja yangu. Wakulima wa Kasoli na vijiji vingine walishinda wakiuza pamba, na jioni ndipo wake zao walipotuletea vitambaa. Kazi yetu hasa ilianza jua likipungua makali. Kwetu kulikuwa pembeni mwa mji, upande wa mashamba, na njia ilipita nyuma ya ghala la pamba.

Hapo ndipo nilipokabwa. Giza lilikuwa halijaingia vizuri. Mkono ulinijia shingoni kutoka nyuma, mwingine ukanivuta kuelekea ukutani. Nikajua hakufuata pochi, maana pochi ilianguka naye akaikanyaga tu. Ushujaa sikuwa nao. Nilibana kidevu kifuani ili koo lipate nafasi, nikamkanyaga kwa kisigino kwa nguvu zangu zote, nikauma mkono wake mpaka akalegeza. Pumzi ilipopatikana, nikapiga mwano.

Kwetu Usukumani mwano ni ukelele ambao ukiusikia unaacha tonge bakulini. Wanaume wanatoka na fimbo, hasa kufuata ng'ombe walioibwa, na asiyetoka anatozwa faini na sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Mama alinifundisha nikiwa mdogo. Yule mtu aliniachia palepale akatoka nduki. Na wanaume walikuja, siwasingizii. Walikuja mbio, baba yangu akiwa mmoja wao.

"Ng'ombe wangapi?" kamanda wa sungusungu aliuliza huku akihema.

"Si ng'ombe, mzee. Mtu amenikaba."

"Wameswagwa kuelekea wapi?"

"Mtu! Amekimbilia kule, nyuma ya ghala!"

"Amechukua nini?"

Nilitazama pochi yangu pale chini. "Hakuchukua kitu."

Wakashusha fimbo. Mmoja akacheka. Kamanda akanitazama kama mtu aliyeamshwa bure. "Mayu, mwano hauchezewi," aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Watu wameacha chakula." Hakuna hata mmoja aliyekwenda kuchungulia nyuma ya ghala. Walisimama pale wakinifunza adabu, na mkabaji, nadhani, alikuwa ameshaacha kukimbia, anatembea zake.

Nyumbani baba alisema kuanzia kesho niwe nimerudi jua likiwa juu. Nikamwambia kazi yenyewe iko jioni. Akasema basi niache kazi. Yule mama wa cherehani naye alinionea huruma kweli, akanipaka dawa shingoni kwa mkono wake, lakini hakunificha: cherehani haiwezi kulala bure jioni, na kuna binti mwingine anaiulizia. Nilishikwa na hasira. Aliyekaba alikuwa huru kutembea saa yoyote aitakayo. Mimi ndiye niliyepangiwa saa.

Nilibembeleza. Baba akakubali shingo upande: nitembee na yule mama, maana njia yetu ilikuwa moja, ila likitokea jingine, cherehani kwaheri. Tukawa tunafunga pamoja. Tulibadili njia mara kwa mara. Kanga tulizifunga kiunoni. Tuliongea kwa sauti, hata kama hatuna la kuongea.

Likatokea. Jioni moja mvua ilikuwa imefunga njia ya sokoni kwa matope, tukapita tena kule ghalani. Mimi nilitangulia hatua chache. Niliposikia kimya ghafla nikageuka, nikamwona mama wa watu anaburutwa, kitambaa chake cha kichwani kimekazwa shingoni. Nilijua nikipiga kelele, cherehani imekwenda. Na nilijua nikisema ukweli, watakuja waniulize amechukua nini.

"Ng'ombeee!" nilipiga mwano. "Wanaswaga ng'ombe! Ghalani!"

Jamani, nilikuwa sijawahi kuona watu wengi vile. Walitokea kila upande, wakaziba njia za mashambani na za barabarani bila kuambizana, kama walivyozoea. Yule mtu hakufika mbali. Walimpiga kuliko nilivyotaka kuona, wakamfunga kamba wakampeleka kituo cha polisi. Mama wa watu alilia apewe maji aoge. Nikamkatalia, nikampeleka kituoni vilevile na blauzi yake iliyochanika, wakamwandikia karatasi ya matibabu, ndipo tukaenda hospitali. Hilo nalo hakuna aliyenifundisha. Nilifikiri tu kwamba wasipoona, hawataamini.

Kesho yake niliitwa kwenye mkutano wa sungusungu. Sikuitwa kupongezwa. Niliitwa kwa kosa la kupiga mwano wa ng'ombe wakati ng'ombe hawapo. Faini ikawa mbuzi, na kwa desturi faini kama hiyo inaliwa na wale waliotoka. Mbuzi alitoka zizini kwa baba, na aliyempika ni mimi.

Niliwaandalia. Wakala kwa furaha, wakisimulia nani alimdaka mwizi na nani aliteleza matopeni. Kamanda akatafuna, akanigeukia kwa upole kabisa. "Siku nyingine, mayu, useme ukweli."

"Ukweli niliusema siku ile ya kwanza, mzee," nilimjibu. "Mkarudi kula."

Nilikuwa sijawahi kumjibu mtu mzima vile, tena mbele ya baba. Nikamtazama baba, nikingoja kusikia habari ya cherehani. Alirudisha nyama sahanini, akanawa mikono.

"Kesho mnafunga saa ngapi?" aliuliza.

"Jua likizama."

"Nitakuja kuwangoja pale dukani."

Nilipaswa kushukuru. Niliingia jikoni nikalia kwa hasira, huku nawasikia wakianza tena kucheka na kuombana chumvi. Waliendelea hivyo mpaka mbuzi akaisha, na hakuna aliyeuliza yule mama anaendeleaje.