Kidonge cha Pili

Kila asubuhi fundi cherehani humeza kidonge chake cha kibofu kikiwa kizima, bila kukitafuna, kama daktari alivyomwagiza. Dawa humkausha mate, basi uzi huuchovya kikombeni badala ya kuulamba. Mkojo bado humnyanyua katikati ya mshono, ila si kama zamani. Leo, kwa hamu ya mjukuu aliyezaliwa mbali na ambaye hajampakata hata mara moja, alitoa kidonge cha pili ili aiweze safari ya basi.

"Shoga, daktari kasema kimoja," fundi mwenzake alimtania. "Ukizidisha utasinzia, na basi litakupitiliza umelala."

Fundi alikitazama kiganjani, akakiweka kando, akampigia bintiye.

"Mwanangu, nakuja. Nitashuka kila stendi, kwa hiyo msinisubiri kula. Mtoto tu, msimlaze."