Goti la Jilala na Kuku Aliyepona

Kila asubuhi, kabla hajaomba maji ya kunawa, baba mdogo Jilala alijaribu kuinua kisigino. Alilala chali kwenye mkeka, akanyoosha mguu wa kulia, akakaza paja mpaka nyama zikasimama. Paja lilitii. Kuanzia goti kushuka chini hakuna kilichotokea. Kisigino kilibaki kimelala pale kama cha mtu mwingine. Alijaribu tena mpaka jasho likamtoka, halafu akaniuliza bila kunitazama, "Apolonia, leo kimecheza kidogo, eti?"

"Kidogo, baba."

Hakikucheza.

Yeye ni mdogo wake baba yangu. Niliacha shule darasa la tatu nikaja kwake, huku nje kidogo ya Kolandoto, kumsaidia mkewe, mama mdogo Violeth, kulea watoto. Wakati huo baba mdogo alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Alikuwa mchimbaji kule upande wa Runzewe, na akirudi nyumbani alipenda kutuonyesha anavyoshuka duarani, yaani kwenye shimo lao. Alisimama katikati ya mlango, mguu mmoja huku, mwingine kule, akajifanya anakanyaga matimba, yale magogo yanayokazwa kwenye kuta za shimo. Alishuka na kupanda hewani, magoti yakikunjuka na kukunjika, watoto wakicheka. "Watu wanadhani duara ni mikono," alisema. "Duara ni magoti. Mkono ukichoka unaning'inia. Goti likichoka umekwenda."

Siku moja kule duarani gogo liling'oka. Aliangukia goti kwenye jiwe.

Walimleta hapa hospitali, wakampiga picha. Mimi nilikuwa nimebeba uji, nikasimama pembeni ya kitanda. Daktari alimwonyesha ile picha na kumwambia kwamba pia ya goti, kile kifupa cha mviringo kilicho mbele, imekatika vipande viwili. Nyama ya paja inavuta kipande cha juu, akasema, na kano la chini limeshika kingine kwenye muundi. Ni kama kamba inayopita kwenye kapi: kapi likivunjika, utavuta huku na mzigo hautapanda. Lazima wapasue, wavifunge vipande kwa waya vishikane.

Baba mdogo alisikia neno waya. Wazee wa ukoo nao walisikia neno wapasue. Walimwambia daktari asante, wakamrudisha nyumbani, wakamwita Mabula.

Mabula ni mganga wa mifupa, na sisi wote tunamwamini. Ameunga mikono ya watoto walioanguka miembeni na mbavu za waendesha bodaboda. Kazi yake inakwenda na kuku. Mgonjwa akivunjika mguu, Mabula anamvunja kuku mguu uleule, anawafunga wote wawili fito na dawa ileile, kuku anaachiwa uani. Siku kuku akitembea, mgonjwa anafunguliwa. Na kuku huyo haliwi, hauzwi, mpaka mgonjwa amchukue kwa miguu yake mwenyewe ampeleke kwa mganga.

Alimshika tetea wetu mwekundu akamvunja pale mguu unapojikunja, pale kila mtu anapoita goti la kuku. Nilimshikia mabawa.

Kuku alipona upesi. Mabula akaja, akamtazama akiparua jaani, akacheka. Alifungua fito za baba mdogo. "Haya, mwanaume. Chuchumaa."

"Mzee, bado linauma."

"Kuku hakuniambia linauma. Chuchumaa!"

Akachuchumaa. Tulisikia mlio, kama mtu amevunja muwa. Baba mdogo hakupiga kelele, alikaa chini tu akashika goti kwa mikono yote miwili. Lilivimba, likashuka, na liliposhuka aliniambia niguse. Mbele ya goti palikuwa na mfereji. Kidole changu kilizama hapo, mfupa juu yake, mfupa chini yake. Toka hapo akawa anatembea kwa kulisukuma paja kwa kiganja, kila hatua. Akisahau kusukuma, goti linajikunja na yeye anakwenda chini.

Mama mdogo alisema warudi hospitali. Baba mdogo alikataa. "Kuku anatembea, Violeth. Wangu umechelewa tu." Akakaa kizingitini akimtazama yule kuku. Kideri kilipopita kikaua kuku wote uani, yule alibaki. Baba mdogo alifurahi kuliko siku zote. Hiyo kwake ilikuwa dalili.

Ndipo akaja Nasibu.

Nasibu ni mwenzake wa duarani, Mzaramo, na Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani. Aliingia uani na mdomo wake mbele. "Hodi! Nasikia humu kuna Msukuma anabebwa kama bibi harusi!"

"Karibu, mla nazi," baba mdogo akajibu. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu aumie. "Umepotea njia ya baharini?"

"Nimekuja kuona mguu unaojifanya bosi. Sisi tunashuka, wenyewe umelala."

Walicheka, kisha Nasibu akaacha kucheka. Akasema mwenye duara anataka jibu. Nafasi ya Jilala ameishika mtu mwingine kwa muda, na sasa yule mtu anataka iwe yake kabisa. Kama Jilala anaweza kushuka matimba, aje wiki hii. Kama hawezi, basi aseme.

"Naja," baba mdogo akasema.

Nasibu akautazama mguu.

Mgeni aliyetoka mbali hawezi kuondoka bila kitoweo, na uani kuku alikuwa mmoja. Nilimwona mama mdogo amesimama mlangoni akimtazama yule kuku, kisha akaenda akamshika. Alimpa Nasibu kisu, maana mgeni ni Mwislamu, achinje mwenyewe.

"Mama, yule ni wa Mabula," nikamwambia jikoni.

"Mwanangu, nimechoka kulisha dalili," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, akanipa maji ya moto ninyonyoe.

Baba mdogo alimtambua kuku kwenye sahani. Kwenye mfupa, juu kidogo ya kile kiungo tulichokiita goti, palikuwa na nundu mahali ulipoungana. Alimtazama mkewe, akaitazama nyama. Nilidhani atapindua ugali. Badala yake alichukua ule mguu, akala polepole hadi mifupa ikabaki mitupu, kisha akaanza kuikunja.

"Mtani, kula, hiyo siyo shule," Nasibu akasema.

Hakumsikia. Kiungo cha chini, chenye nundu, kilijikunja kwenda nyuma. Akashika kiungo cha juu, kile kinachofichwa na manyoya, ambacho kuku akiwa hai hukioni. Kilijikunja kama cha mtu. Mbele yake palikuwa na kifupa kidogo, kizima, laini. Aliweka kidole pale, halafu akaweka kidole kwenye mfereji wa goti lake. Akashuka mpaka kisigino chake, akarudi kwenye nundu.

"Hapa ni kisigino," akasema. "Alimvunja karibu na kisigino. Kuku hakuwahi kuumwa ninachoumwa mimi."

Mama mdogo akasema, "Jilala, kesho twende hospitali. Wapasue."

"Nilikuwa namngojea kuku," akasema, kama anamwambia mtu aliye mbali.

Nasibu alipoondoka, jua likiwa bado kali, baba mdogo aliniita. Alikuwa amezitoa fito za zamani. "Nifunge, goti lisikunjike." Nilimfunga kwa vipande vya kanga, mbele na nyuma, nikakaza alivyotaka. Aliuweka ule mfupa wa kuku kwenye mfuko wa shati.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kwa Mabula. Nampelekea kuku wake."

Alitoka uani akiuburuza mguu uliofungwa, kiganja bado kipo pajani kwa mazoea. Hakugeuka.

Mabula anasema hakumwona. Nasibu anapiga simu kila mara, anasema duarani hajafika. Hospitali nako hayupo. Mama mdogo na mimi tuliufuata ule mburuzo kwenye vumbi. Ulipita njia ya kwa Mabula bila kukata kona, ukanyooka mpaka barabara ya lami, na hapo ukapotea.