Kahawa Aliyekataa Kuvuka Kijito

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa kichwani, na sikuwa nimekunywa hata tone. Nayasema mapema kwa sababu nawajua watu wa Bunia: ukiwaeleza jambo kama hili, swali la kwanza ni ulikunywa nini. Sikunywa. Tena mimi si mtu wa kuokota hadithi njiani. Nina diploma ya afya ya mifugo, niliyoisomea Uganda kwa jasho langu, mchana nikibeba saruji, jioni nikisoma. Nilitoka Bunia na shati moja. Nilirudi na sanduku la vyuma vya kazi, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma mtaani Nyakasanza bila msaada wa mjomba wala shangazi. Kwa hiyo nisikilize.

Vita vilipokolea, mama yangu alikuwa Bogoro. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa ugonjwa wa sukari, hata kufika chooni alishikwa mkono. Kutoka Bunia mpaka kule ni nusu siku kwa mtu mzima wa afya. Magari hayakwenda tena. Pikipiki na baiskeli zilinyang'anywa njiani, kila kitu chenye gurudumu kilipata mwenye bunduki wa kukitaka. Ningemletaje?

Nikamkumbuka farasi.

Ndiyo, farasi. Pembeni mwa mji kulikuwa na shamba la kahawa ambalo mwenyewe alikimbilia Ulaya. Aliacha farasi jike mmoja, rangi ya hudhurungi, wakamwita Kahawa. Aliyemtunza alikuwa mzee mmoja, Papa Zakaria, ambaye sikuwahi kumwona kwa macho. Mwanzoni mwa vita Zakaria alitoweka. Mlinzi wa shamba alimkuta farasi amesimama peke yake kwenye kijito cha njia ya Bogoro, siku ya nne hiyo, na ilihitajika wanaume watatu kumburuta kurudi zizini. Mlinzi aliniambia, "Chukua, docteur. Weye si uko na diplome? Siye anatuluma tu na meno."

Kumchukua mnyama yule hakukuwa zawadi. Mbavu zilihesabika. Masikio yalijaa kupe. Ukwato wa mbele wa kushoto ulikuwa umeoza, ukinuka kabla hujauona. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Nilijua ni ugonjwa wa mbung'o bila kumuuliza mtu. Na tabia! Aling'ata, alipiga teke, na upande wake wa kushoto hakumruhusu kiumbe kusimama. Kidole changu hiki unachokiona kimepinda, ni yeye.

Wengine wangemwacha afe. Mimi sikumwacha. Miezi kadhaa nilimloweka ukwato kwenye maji moto ya chumvi, nikakata sehemu iliyooza kidogo kidogo kwa kisu changu cha kwato, kisu kizuri cha mpini wa mti nilichorudi nacho. Nilimchoma sindano, nikamng'oa kupe mmoja mmoja, nikamlisha majani niliyokata mwenyewe huku majirani wakicheka. Mama Neema, muuza maandazi wa pale mlangoni pangu, alikuwa hakosi neno. "Docteur, siye tunakimbia vita na miguu mbili. Yeye iko na miguu ine na anakataa!"

Kwa sababu alikataa kweli. Alipopona na kunenepa, akanibeba vizuri mjini kote, na wenye bunduki walimwangalia tu. Mmoja alijaribu kumpanda, akaangukia mtaroni, hakurudia. Nikaona mama yangu sasa atatoka Bogoro salama. Lakini kila nilipomwelekeza Bogoro, tulifika kwenye kile kijito, akasimama. Maji yenyewe hayafiki magotini. Nilimpiga. Nilimfunga macho kwa kitambaa. Nilimtangulizia mahindi ng'ambo. Alisimama kama nguzo, masikio mbele, akitazama matete.

Nilijaribu mara tano. Mara ya tano niliporudi, Mama Neema hakucheka. Aligeuza maandazi yake, akaniuliza, "Nani alimuambia ule nyama habari ya Papa Zakaria?"

"Habari gani?"

"Kwetu, mwenye ng'ombe akikufa, ng'ombe zinaambiwa. Ndama tunazifunga mbali na mama zao, zinalia, hakuna kukamua ile siku. Zikishalia, zinajua. Weye ulimupa sindano tu."

Nilimjibu kwamba farasi si ng'ombe, kwamba hakuna aliyethibitisha Zakaria amekufa, na kwamba shuleni hatukufundishwa kutoa habari za msiba kwa mifugo. Nilijibu vizuri sana. Alinifungia maandazi mawili.

Kisha ikaja habari kutoka Bogoro, kwa mwanamke aliyefika Bunia na mtoto mgongoni. Wanaoweza kutembea walikuwa wanaondoka. Jirani aliyemtunza mama angeondoka kesho yake. "Mama yako anasema usihangaike," aliniambia yule mwanamke. Nani angeweza kukaa baada ya neno hilo?

Asubuhi nilitoka na Kahawa. Kama saa saba hivi, kwa kuwa tulizunguka mashambani kuepuka kizuizi, tukafika kijitoni. Akasimama. Nilishuka, nikavuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Niamini, nililia.

"Nani alikata ukwato namna hii?"

Mzee alikuwa amesimama upande wa kushoto wa farasi. Sikumsikia akija. Kofia ya majani, suruali imelowa mpaka magotini, buti la mpira mguu mmoja tu, mguu wa pili mtupu. Nilidhani ni mkimbizi. Na Kahawa, ambaye hakumvumilia mtu upande ule, alikuwa amelaza kichwa kwenye bega lake.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ni docteur wa mifugo."

"Docteur," akasema, kama mtu anayeonja chumvi. "Umeacha ndani iko juu, inje iko chini. Anatembea kama mulevi. Leta kisu."

Nilimpa. Mimi niliyekataa kusahihishwa na walimu darasani, nilimpa kisu kama mwanafunzi. Aliinama, na farasi akamnyanyulia mguu wa kushoto kabla hajaombwa. Aliushika kwa mkono wa kulia wenye vidole vitatu. Alikata mara nne, tano. Vipande vyeupe vikaanguka majini. Kazi safi. Mimi ninaijua kazi safi.

Nikamwambia shida yangu, kwamba mama yuko Bogoro na mnyama havuki.

"Havuki kwa sababu nilimuambia angoje," akasema. "Nilisikia masasi ya bunduki, nikamuacha hapa, nikaingia kwa matete kuangalia. Nilimuambia, ngoja mpaka nirudie. Iko anangoja."

"Basi mwambie avuke."

"Miye si mwenyewe tena. Mwenyewe ni weye. Muambie kama sitarudia."

Hapo nikajua ni nani aliyesimama mbele yangu, na jua liko pale pale. Unajua nilichokiogopa zaidi? Si yeye. Niliona aibu kusema na farasi kama mchunga ng'ombe wa kijijini, mimi. Lakini nikamfikiria mama amekaa mlangoni akisema nisihangaike. Nikasogea kwenye sikio la Kahawa, nikasema, "Papa Zakaria hatarudi. Amekufa. Usimngoje tena. Ni mimi sasa."

Kahawa alitetemeka mwili mzima, kutoka shingoni hadi mkiani, kama anavyofukuza inzi. Akatoa sauti moja ndefu ambayo sijaisikia kwake kabla wala baada. Kisha akaingia majini, nami nikikimbizana naye kamba mkononi. Nilipogeuka ng'ambo, hapakuwa na mtu. Kisu changu kilikuwa juu ya jiwe upande niliofikia, na hakuna mtu aliyevuka kabla yangu. Nilikitia mfukoni bila kukitazama.

Mama nilimkuta amekaa mlangoni na kitambaa chake cha kanisani, amejiandaa kwa lolote. Nikampandisha. Njia nzima ya kurudi nilitembea upande wa kulia nikishika kamba. Baada ya muda mama akasema, "Mutoto yangu, muambie ule papa apumzike. Ananishikia mguu toka Bogoro."

"Papa gani, mama?"

"Huyu wa kushoto."

Sikutazama. Nakuambia wazi, kwa elimu yangu yote, sikutazama. Tulipovuka kijito mama akageuza kichwa nyuma. "Amebaki," akasema. "Mbona humushukuru?"

Tulifika Bunia usiku sana, nikawasha taa. Ndipo nilipotoa kisu. Kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka ndani, mpini umeoza kama kitu kilichokaa majini misimu mingi. Nikainua ukwato wa kushoto: umekatwa upya, sawasawa, kuliko nilivyowahi kuukata.

Njia ilipotulia, mlinzi wa shamba aliniongoza pamoja na wanaume wengine hadi kwenye matete. Mlinzi ndiye aliyenithibitishia vile vidole vitatu. Tulikuta mifupa na buti moja la mpira. Tukamzika Papa Zakaria pale juu penye udongo mkavu. Siku hiyo Kahawa hakubeba kitu, na sikuruhusu mtu ampande. Mama Neema alisimama karibu yake tangu mwanzo mpaka mwisho, na nilikuwa nimejiandaa kwa dhihaka yake. Alimfukuzia tu inzi machoni.

Mama aliishi miaka mingine nyumbani kwangu, akafa kwa ugonjwa wake, si kwa panga. Asubuhi ile nilienda zizini kabla ya kwenda kwa padri, nikamwambia Kahawa.

Diploma yangu iko ukutani, ndani ya kioo, na kile kisu kinaning'inia chini yake. Hadi leo mnyama akining'ata au akitaka kunipiga teke nikisimama upande wake wa kushoto, sifungui sanduku kwanza. Namuuliza aliyemleta: alikuwa wa nani, na yuko wapi? Wengine hunicheka. Nakuonya na wewe: ukirithi mnyama wa mtu ambaye hakuzikwa, usimpe hata sindano moja kabla hujamwambia. Ukiona aibu, mwombe mtu akusaidie. Lakini aambiwe, maana yeye atangoja, na aliyemwambia angoje naye hatapumzika.