Vileja Vilivyolala Sandukuni

Naona haya kulisimulia hili hata sasa, na mkinikuta napita mtaa wa Raskazone, Tanga, nimevuta ushungi mpaka puani msidhani ni ucha Mungu. Kule kuna nyumba niliyoitia msiba siku ya harusi.

Mama yangu anaoka vileja, vile vibiskuti vya unga wa mchele, samli na iliki. Alianza na sinia moja la majirani wa kahawa ya jioni, mimi na mdogo wangu Rehema tukajiunga, tukanunua jiko lenye oveni, tukapata maduka mawili ya mjini ya kutuuzia, kisha abiria wa mabasi pale Muheza wakaanza kuviulizia (wanavila na machungwa, sijui nani aliwafundisha), na nyumba ikawa inanukia iliki tangu asubuhi, unga unaelea taratibu kwenye mwanga wa dirisha, nami nakanda nasahau nilipo. Nilikuwa naota mchana kweupe. Nalitazama duka letu lenye vioo, maboksi ya rangi ya waridi, jina la mama juu ya mlango.

Basi ikaja oda ya harusi, kubwa kuliko zote. Makopo yakajaa, ndoo zikajaa, bado masinia mawili hayana pa kulala, na sisimizi wa kwetu hawana adabu. Mama alikuwa ameshatangulia kwa wenye harusi kusaidia kupika. Nikaliona sanduku la marehemu bibi, la mbao, linalofunga barabara, nikatoa kanga zake, nikalipangusa, nikatandika karatasi safi.

Rehema akaniuliza, "Dada, hilo halina harufu?"

Nikainamisha kichwa ndani, nikavuta pumzi, sikusikia kitu. (Nilikuwa na mafua siku ya tatu, pua zimeziba kabisa, ila hilo sikulifikiria, mimi nilikuwa bado niko dukani kwangu kwenye vioo.)

Kesho yake nikawa upande wa wanawake, nimevaa dera jipya, napitisha sinia mwenyewe kama naelea, na kwa bahati yangu sinia la kwanza ndilo lililotoka sandukuni. Nikaanzia kwa Bi Saumu, shangazi wa bi harusi, mtu mzima ambaye miaka yote ndiye anayeosha maiti wa kike mtaani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akauma. Akaacha kutafuna. Akakinusa kile kilichobaki.

"Mwanangu," akasema polepole, "hii ni karafuu maiti."

Ni zile chembe nyeupe zinazotiwa kwenye sanda; bibi alizitia sandukuni nguo zake zisiliwe na wadudu, na harufu ilikuwa imebaki kwenye mbao. Hapo ningeomba radhi tu, nikarudisha sinia jikoni, yakaisha. Badala yake nikatabasamu nikasema, "Hapana shangazi, ni iliki ya kisasa, tumeiagiza," na ili waniamini nikala vitatu mfululizo mbele yao, sikusikia ladha yoyote, nikasema vitamu. Mama wa bi harusi, mtu mwema asiyependa ugomvi, akaniamini, akampelekea bintiye kimoja.

Bi harusi akauma, akaanza kulia, wanja ukamshuka mashavuni, anasema harusi yake inanuka kaburi, hiyo ni ishara mbaya. Mashangazi wakamzunguka kumtuliza, nao wakalia. Mama akatoka jikoni mikono ina unga, akachukua kileja, akakisogeza puani, akakaa palepale sakafuni.

"Hii ni harufu ya mama yangu," akasema, machozi yakamtoka. (Bibi hakuwa ametimiza mwaka tangu atutoke.)

Kilio kikawa kimoja. Wanaume waliokuwa barazani wakasikia, na mzee mmoja akabisha hodi mlangoni akauliza kwa adabu, "Nani katutoka?"

Nikawa nawaona wote kwa mbali, sauti zinanifikia kama niko chini ya maji, na mikono yangu bado imeshika lile sinia.

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Ni mimi. Nimeviweka kwenye sanduku la bibi, halafu nimewadanganya."

Bi Saumu ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ushungi. Vile vya makopo vilikuwa salama lakini nani angevigusa, kwa hiyo mama akajifunga kanga, akaomba unga na samli ya wenye nyumba, tukaoka upya jikoni mwao, nakanda bila kuinua uso. Bi harusi akapakwa wanja tena, akala viwili vikiwa vya moto. Lakini habari ilifika mjini kabla yetu, duka moja likatukataa, na biashara ililala miezi mingi kabla ya kuamka.

Njiani mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Vileja kuharibika ni mambo ya jikoni. Ile iliki ya kisasa uliitoa wapi?"

Nimejiapia tangu siku ile, mteja akisema kitu changu kina kasoro sikimbilii kumjibu, namwuliza, "Unasikia nini?", na atakachosema ndicho ninachokishika.