Utani Niliovuka Nao Mpaka

Juzi jirani yangu hapa Ibadakuli aliletewa nguzo za mkaratusi za kujengea banda la ng'ombe. Lori lilizimwaga karibu na dirisha langu, mchana mvua ikanyesha, na harufu yote ikaingia ndani. Kwa wengine hiyo ni harufu ya dawa ya kifua. Mwenzenu niliacha ungo wa mchele pale pale nikaenda kufunga dirisha. Mimi ni mtu mzima sasa, nina watoto, lakini mkaratusi uliolowa unanirudisha kwenye vilima vya Kisii, upande wa Kenya, na nikifika huko naona aibu kana kwamba watu wale bado wamesimama wananitazama.

Nilipelekwa huko kusoma nikiwa na miaka kama kumi na mmoja. Baba alikuwa na duara Rwamgasa, yaani shimo la dhahabu, na mwaka ule duara lilikuwa limetema dhahabu. Wenzake likitema wanaongeza mke. Baba yeye akaapa kwamba Kabula wake atajua Kizungu mpaka watu wamkimbie. Shule za bweni za Kenya zilisifiwa sana kwetu enzi hizo, basi nikafungashiwa sanduku la bati na blanketi, tukavuka mpaka wa Sirari.

Jamani, baridi! Na mvua isiyo na msimu, na watoto wanaozungumza na wakubwa kama wanazungumza na wenzao. Kule mtu akitaka kitu anasema, "Leta." Mimi niliyelelewa kwa naomba na samahani, siku ya kwanza nilimwambia mpishi, "Shikamoo mama, naomba uniongezee maharage kidogo." Bwalo zima likavunjika mbavu. Darasani nikiulizwa swali nilikuwa napiga goti na kujibu nikitazama sakafu, kama alivyonifunza bibi. Madam mmoja akaninyanyua kidevu kwa kidole, akaniuliza kama nimepoteza kitu huko chini.

Aliyeniokoa ni Kemunto. Yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti inayofika bweni la pili, na alinifundisha Kizungu kwa kunicheka. Nikitamka neno kwa lafudhi yetu ya Kisukuma, anajiangusha kitandani, analirudia, analitembeza kwa wenzake. Siku moja nikachoka, nikamjibu kwamba Wakisii mnakula ndizi mpaka mtaota mikungu mgongoni. Nilidhani atanuna. Akacheka mpaka akashika ukuta. Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani, nikajiambia, kumbe nimepata mtani.

Hapa lazima niwaeleze, maana kosa lote liko hapa. Kwetu utani si mzaha wa kupitisha muda. Msukuma na Mzaramo, kwa mfano, ni watani tangu mababu zao walipogombana kisha wakapatana. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Na kazi yake kubwa iko msibani.

Guku, babu yangu mzaa baba, alipofariki, bibi alikaa kwenye mkeka hali wala hasemi, hadi watu wakaanza kunong'ona kwamba tutazika wawili. Ndipo akatokea Baba Mwajuma, Mzaramo mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, mtani wa baba. Alikuwa amevaa koti la marehemu, anaburuta mguu kama guku, anakohoa kikohozi cha guku, anauliza nani kafungulia ng'ombe wake. Kaburi lilipokuwa tayari akaingia humo, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, tena mzee mwenyewe alikuwa bahili, hata kufa kachelewa. Bibi akacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akamwita mpumbavu, kisha akaomba uji. Nilikuwa ubavuni pake, nilimwona akinywa. Kwa akili yangu ya kitoto, dawa ya msiba nikawa nimeijua.

Muhula wa pili baba yake Kemunto aligongwa na lori. Tulimfahamu sote. Siku za wazazi alikuwa akija na kofia yake ya pama ya kahawia, anachechemea kidogo, anatugawia ndizi mbivu na kumtania kila mtu. Kemunto alichukuliwa na mjomba wake hata soksi hajavaa. Siku ya maziko darasa letu likapelekwa kwa basi la shule, tumevaa sare, tukaimbe. Njia nzima mimi nilikuwa na kazi kichwani. Nilijiuliza, mtani wa Kemunto pale ni nani, kama si mimi? Nani mwingine atamfanya ale? Na niwaambieni ukweli, nilijiona mtu muhimu. Tangu nivuke mpaka ilikuwa mara ya kwanza kujua kitu ambacho wenzangu hawakijui.

Tulikuta umati chini ya maturubai, na mikaratusi pembeni inadondosha maji. Kemunto alikaa mbele na mama yake, macho yamevimba, sahani ya chakula iko miguuni haijaguswa. Hiyo sahani ndiyo iliyonimaliza. Jeneza lilikuwa mezani, na juu yake picha na ile kofia. Mchungaji alipokuwa anatafuta mahali pa kusoma, nikapita katikati ya viti, nikachukua kofia, nikavaa. Iliniingia mpaka masikioni. Nikaanza kuchechemea mbele ya watu, nikakaza sauti.

"Kemunto! Nani amemaliza ndizi zangu? Mnalia nini? Nimechoka na kelele zenu, naenda kulala! Na siendi bila jogoo!"

Nikangoja kicheko. Nilisikia maji yakidondoka kwenye turubai. Halafu mama yake Kemunto akapiga ukelele, akaanguka, wanawake wakamkimbilia. Mjomba alinipokonya kofia na kunishika mkono kwa nguvu.

"Huyu mtoto ni wa nani? Nani amemtuma?"

Umri ule sikuelewa anauliza nini. Mtoto mgeni anavaa kofia ya maiti na kusema kwa sauti yake: walidhani kuna mkubwa mwenye nia mbaya nyuma yangu. Madam alinikokota hadi kwenye basi, kiatu kimoja kikabaki kwenye matope. "Hii ni matanga, Kabula! Matanga! Wewe ni mtu wa aina gani?" Nami shingo nimeigeuza nyuma, namtazama Kemunto, bado nangoja acheke. Alinitazama kama mtu ambaye hajawahi kuniona.

Baba aliitwa. Alifika na vumbi la safari, akasimama mbele ya mwalimu mkuu, mama wa makamo asiyekuwa mkali. Aliposimuliwa, nilimwona akifumba macho. Alielewa pale pale.

"Mwalimu," akasema taratibu, "kwetu hiyo ni heshima. Mtoto alikuwa anampa pole mwenzake."

"Mzee, hiyo heshima imemwangusha mjane mbele ya watu. Hao nitawaambia nini?"

Baba akainamisha kichwa, akasema, "Basi waambie baba yake hakumfunza. Kosa ni langu." Baba yangu, ambaye Rwamgasa akikohoa watu wanageuka! Alijitwika ujinga asiokuwa nao ili nisifukuzwe, na mimi nimesimama pale nimevaa ndala, natamani ardhi ipasuke. Baba na mwalimu walipeleka mbuzi kwa wafiwa. Mbuzi akapokelewa, mjane hakutoka ndani.

Kemunto aliporudi shuleni alihamishiwa bweni jingine. Tulikutana mara moja tu bombani, kila mtu na ndoo yake. Akaniuliza, bila hasira, "Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Wewe si mtani wangu?"

"Mtani wako tangu lini?" Aliuliza kweli, alitaka kujua. "Nani alikwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Babu zake na wangu hawakuwahi kugombana wala kupatana, hawakuwahi hata kuonana. Ule udugu wote niliuanzisha mwenyewe kitandani kwangu siku ile alipocheka. Akabeba ndoo yake akaenda. Mwaka ulipokwisha baba akanirudisha nyumbani, na safari nzima hakunikemea. Karibu na Sirari alisema tu, "Ng'wana wane, mwanangu, kuna vitu mtu habebi."

Nilikuja kumwelewa tulipomzika yeye mwenyewe. Nilikuwa mkubwa, niliamka mapema kuinjika maji, na nikawaona watani wameshafika kabla yangu. Kumbe ndio waliochimba kaburi. Ndio waliopasua kuni, wakachota maji, wakambeba. Mzaha ulikuja jua limepanda, mikono yao ina malengelenge. Kwenye msiba wa guku nilikuwa mtoto, niliamshwa mambo yako tayari, nikakuta kicheko tu. Nacho ndicho nilichokwenda nacho Kisii, nikakitoa mbele ya jeneza la mtu ambaye sikumchimbia hata jembe moja la udongo.

Nimewahi kufikiria kumtafuta Kemunto. Siku hizi kumpata mtu si kazi. Nashika simu, naiweka. Ningemwambia nini asichokuwa amekwisha kukiona? Mahali fulani kule milimani kuna mama ambaye watoto wake wakimuuliza babu yao alizikwaje, hawezi kumaliza kusimulia bila kunitaja. Siku mbaya kuliko zote maishani mwake, mimi nimo ndani yake, tena ndimi peke yangu niliyekuja nikiwa na furaha.